Nyumba ya Nyasi Aliyotaka Kuinyoosha Papa

Papa, baba yangu, alirudi kijijini kwetu kando ya ziwa mwanzoni mwa kiangazi, juu ya lori lililokuwa likielekea Mpala, na kitu cha kwanza alichofanya baada ya kusalimia na kunywa maji kilikuwa kupima mlango. Alitoa mfukoni kipimo cha chuma, kile kinachojikunja chenyewe ndani ya kikopo chake, akakivuta kutoka ardhini hadi kwenye ncha za nyasi zilizoning'inia mbele ya baraza. Akaandika namba kwenye karatasi. Kisha akapima tena, kana kwamba mara ya kwanza nyumba ilikuwa imemdanganya.

"Muntu anaingia kwake kama anaenda kuiba kuku," alisema.

Nkambo, yaani bibi yangu aliyemzaa Papa, alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na kopo la maji mkononi, na nilipoiona karatasi ile nilijua kwamba kazi imeanza.

Miaka ile nchi yetu iliitwa Zaire. Papa alikuwa amemaliza utumishi wake katika stoo ya reli mjini Kalemie, na Mama alikuwa amekwisha kufariki. Alirudi na abakosti mbili, yaani suti zile zisizovaliwa na tai, sanduku la vyombo, redio, na mabati ambayo wenzake wa kazi walimchangia siku ya kumuaga. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya kijiji, na nilikuwa nimekaa na Nkambo miaka miwili kabla hajafika. Nataja miaka hiyo miwili kwa sababu ndiyo iliyonitia kiburi. Papa alizaliwa katika nyumba ile, lakini aliiacha akiwa mtoto. Mimi niliijua kwa mikono. Nilikuwa nimeikandika udongo, nimepanda juu yake kuziba matundu, nimelala chini yake masika mawili bila tone kuniangukia.

Aliyeijenga alikuwa babu. Ujana wake aliupitisha kwa mapadri wa Mpala, akajifunza useremala na namna ya kupima ukuta kwa kamba. Lakini aliporudi kujenga kwake, aliwaachia mapadri pembe zao. Nyumba yake ilikuwa ndefu, ya vyumba vitatu, na miisho yake miwili ilikuwa ya mviringo. Nkambo aliniambia sababu: nyasi zikifika kwenye pembe huwa nyembamba, na mahali nyasi ni nyembamba ndipo maji yanapopita. Nguzo zote kubwa zilikuwa za mubanga, mti mgumu mwekundu ambao mchwa huujaribu na kuuacha. Juu ya nguzo hizo ulilala mti mrefu tuliouita mwamba, kuizunguka nyumba yote, na juu ya mwamba zilikaa kombamoyo zinazobeba paa. Kuta zilikuwa fito na udongo tu. Hazikubeba kitu. Ungeweza kuubomoa ukuta mzima, nyumba ingesimama kwenye nguzo zake kama meza.

Nyasi zilishuka chini sana, hadi kifuani pa mtu mzima, na kufunika baraza pande zote. Mvua ya ziwani huja ikisukumwa na upepo, inalala kabla ya kuanguka, lakini haikuwahi kugusa ukuta wetu. Na ndani hapakuwa na dari. Jiko lilikuwa katika mwisho mmoja wa mviringo, mafiga matatu na kichanja cha kukaushia ndagala, dagaa wa ziwani, na mahindi. Moshi ulipanda, ukatembea chini ya paa hadi mwisho wa pili, ukatoka polepole katikati ya nyasi. Nyasi za ndani zilikuwa nyeusi na zenye kung'aa. Hapakuwa na mdudu aliyezigusa.

Papa hakuiona nyumba hiyo. Aliona nyumba nyeusi ndani, yenye giza mchana, ambayo mwanaume mrefu kama yeye hakuweza kuiingia bila kukunja mgongo.

"Kule biro ya kazi nimeinama maisha yangu yote," aliniambia jioni ile tukila bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo. "Kwa Wabelgiji nikainama, kwa wakubwa wetu nikainama. Sasa niiname tena kwa nyasi?"

Maneno hayo yalinikera, maana alikuwa na haki na bado alikuwa amekosea.

Alianza kwa kukata. Akachukua panga na ngazi, akapunguza ukingo wa nyasi upande wote wa mbele, ule unaotazama ziwa, mpaka akaweza kusimama wima barazani na kofia kichwani. Kazi ilimchukua asubuhi mbili. Nyasi zilizokatwa zilionyesha tabaka zake kama kurasa za kitabu, na nyumba ilionekana kama mtu aliyenyolewa upande mmoja.

Nilimfuata Nkambo shambani nikiwa na hasira. Alikuwa akipalilia mihogo.

"Nkambo, umeona?"

"Nimeona."

"Mvua itafanya nini?"

"Itapiga ukuta. Maji yatakula udongo chini, pale fito zinapoingia ardhini."

"Basi mwambie. Wewe ni mama yake."

Aliendelea kupalilia. "Njo nyumba yake," alisema, yaani ndiyo nyumba yake.

Jibu hilo nililisikia mwaka ule wote. Nkambo aliijua nyumba kuliko sisi wote. Alikuwa amechanganya udongo wa kwanza kwa miguu yake akiwa na mimba ya Papa. Kila jambo lililokuja kuharibika aliniambia mapema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kesho ni Jumatano. Lakini mbele ya mwanawe alinyamaza, akamsifu, akampelekea maji ya kunywa kwenye ngazi. Nilifika mahali nikawa simjui wa kumkasirikia, yeye anayekata au yeye anayejua na kutabasamu.

Kisha akaja fundi. Alikuwa mwashi kutoka Kalemie, mtu mpole, mwenye kufanya kazi kwa bidii, aliyekuwa amejenga nyumba nyingi za matofali lakini hajawahi kujenga hata moja ya fito. Papa alitaka madirisha mawili mbele, moja kila upande wa mlango, sawa kwa sawa, kama nyumba za kambi ya reli. Wakapima. Dirisha la kulia lilipata nafasi katikati ya nguzo mbili. La kushoto likaangukia juu ya nguzo yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoka salongo, kazi ya lazima ya kufyeka kando ya barabara pamoja na kijiji chote, na nilipofika nyumbani nikakuta fundi ameshika msumeno na udongo umekwisha kutolewa pande zote za nguzo.

"Papa, ngoja kwanza," nilisema. "Hiyo nguzo inabeba mwamba."

"Iko inabeba ukuta," fundi alisema kwa upole.

"Ukuta haubebwi na kitu, umejisimamia. Nguzo inabeba mwamba, mwamba unabeba paa. Sogezeni dirisha kidogo tu. Hatua moja."

Papa alitazama karatasi yake. "Likisogea halitakuwa sawa na lingine."

"Nani atapima, Papa?"

"Mimi nitaliona kila siku nikitoka."

"Na paa?"

"Paa imekaa hapa tangu sijazaliwa, mama. Haiwezi kushuka sababu ya nguzo moja."

Aliniita mama, kama baba zetu wanavyowaita binti zao wakitaka kumaliza maneno kwa upendo. Fundi alikata. Mubanga ulikuwa mgumu kiasi kwamba alisimama mara nyingi kuyapaka meno ya msumeno mafuta ya mawese, na nilikaa pale pale kwenye kinu nikitazama mpaka mwisho, nikitumaini msumeno uvunjike. Haukuvunjika. Aliiacha nguzo imesimama hadi usawa wa kiuno, akaweka fremu ya dirisha juu yake, na juu ya fremu akaweka ubao wa kupokea mwamba. Ubao ulikuwa wa mti mweupe. Nilimuuliza ni mti gani. Alisema ni mbao nzuri, ametoka nayo mjini.

Siku ile hakuna kilichoshuka. Papa alifungua na kufunga dirisha mara kadhaa, akaniita nije nione mwanga unavyoingia. Kweli uliingia. Kwa mara ya kwanza niliona rangi ya mkeka wangu mchana bila kuutoa nje. Nilisema ni vizuri, kwa sababu alikuwa akinitazama.

Baada ya madirisha, akalihamisha jiko. Alijenga kibanda cha kupikia nyuma ya nyumba, akayatoa mafiga, akakivunja kichanja, na mwisho ule wa mviringo akaugeuza kuwa sebule. Alipaka kuta zake chokaa. Aliweka viti viwili na meza ya redio. Hapo niligombana naye waziwazi. Nilimwambia moshi ndio unaozilinda nyasi, bila moshi zitaoza na kuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wageni wa mwalimu wakija, unawakaribisha kwenye masizi?"

Nilimgeukia Nkambo. Alikuwa ameketi kwenye kiti kipya, mikono juu ya magoti.

"Mimi nafurahi na jiko la inje," alisema.

Nilitoka nikaenda kusahihisha madaftari chini ya ukingo wa nyuma, ule ambao haukukatwa. Nilisahihisha vibaya siku ile. Watoto kadhaa walipata sifuri wasizostahili.

Mabati yalikuja mwisho wa kiangazi. Yalitosha nusu ya nyumba. Papa alijua tangu mwanzo kwamba yanatosha nusu, lakini aliamini mengine yatapatikana, na mwaka ule mjini Kalemie kitu kilichopatikana ni ahadi. Akasema tuanze na nusu. Wakaezua nyasi upande wa sebule na chumba cha kati, fundi akaukata mviringo ukawa wa pembe, maana bati halipindi, na wakapigilia mabati juu ya mbao mpya. Nusu ya pili, chumba kikubwa tulicholala mimi na Nkambo, ikabaki na nyasi za babu. Pale bati lilipokutana na nyasi, fundi alichomeka bati chini ya nyasi na kukandamiza kwa udongo na mawe.

Mtu yeyote aliyewahi kuezeka angejua. Bati lina mteremko mdogo, nyasi zina mteremko mkali. Maji ya pande mbili yatakutana hapo hapo. Nilimwambia fundi. Alinijibu kwamba atarudi kuongeza lami. Alikwenda Moba kujenga nyumba ya mfanyabiashara mmoja, hatukumwona tena.

Ningetaka walau kuzifanya upya nyasi za upande wetu. Zamani watu walikusanyika Jumamosi, wanaume wakakata nyasi, wanawake wakabeba na kupika, na nyumba ya mtu ikaezekwa kwa siku mbili. Lakini Jumamosi sasa zilikuwa za salongo, na mtu akitoka huko mchana alikuwa na shamba lake na nyavu zake. Nilikata mafungu machache mwenyewe baada ya shule. Nilipoyafikisha nyumbani Papa aliyatazama kwa huruma.

"Usijichoshe, mama. Mabati mengine yako njiani."

Mvua za kwanza zilikuwa nyepesi, na Papa alifurahi. Alikaa sebuleni akisikiliza bati, akasema sasa tunajua kwamba mvua inanyesha. Zilipozidi, hatukusikia kitu kingine. Redio ilizimwa, maneno yalikatwa katikati, na mahali pa kukutanikia bati na nyasi pakaanza kutoa maji, si tone, bali uzi mrefu uliotiririka ukutani hadi juu ya sanduku langu la vitabu. Niliweka sufuria, nikaweka beseni, nikahamisha sanduku. Wakati wa jua nusu ile ya bati iliwaka hata Papa mwenyewe akawa anakuja kupumzika upande wetu, akisema anataka kuzungumza na mama yake.

Nje, mambo yalikwenda kama Nkambo alivyosema shambani. Maji yaliupiga ukuta wa mbele na kuula chini. Papa aliona, na akapata dawa: simenti. Alinunua mfuko mmoja, akaupaka ukuta wa mbele wote safu nyembamba, akaunyoosha kwa ubao. Kwa wiki mbili ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote kijijini, watu walisimama barabarani kuitazama. Lakini simenti ni ngumu na udongo hupumua. Ikapasuka. Maji yakaingia kwenye nyufa na hayakupata pa kutokea, na udongo nyuma yake ukawa uji. Nikibisha kwa vidole nilisikia utupu. Mchwa nao, waliokuwa wameushindwa mubanga miaka yote, walipata fito zenye unyevu, kisha wakapata ule ubao mweupe juu ya dirisha la kushoto.

Nilimwonyesha Papa vumbi la mchwa kwenye kizingiti cha dirisha. Alilifuta kwa kiganja.

"Kiangazi nitabadilisha," alisema.

Kiangazi kilikuwa mbali. Nilimwambia leo. Akasema kiangazi.

Ukuta ulianguka mchana, katikati ya masomo. Mvua ilikuwa nyingi kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kufundisha, watoto wakiandika tu kutoka ubaoni. Mama mmoja jirani alisimama mlangoni mwa darasa, kitenge chake kimemganda mwilini, akasema: "Mwalimu, nenda kwenu. Watu ni wazima. Lakini nenda."

Nilikimbia. Ukuta wa mbele, upande wa kushoto, ulikuwa umelala kifudifudi kwenye matope, na dirisha lilikuwa bado ndani yake, limefungwa vizuri. Ubao mweupe ulikuwa umevunjika, mwamba ukakatika juu yake, na paa la bati likainama mpaka ncha zake zikagusa ardhi. Upande wa nyasi ulikuwa umevutwa lakini umesimama. Nkambo alikuwa ameketi kwenye jiko la jirani, amefunikwa blanketi. Papa alikuwa amemtoa kwa mgongo wake kabla paa halijamaliza kushuka. Baadaye nilijua kwamba alisikia mlio wa kwanza na hakungoja wa pili. Sasa alikuwa akitaka kurudi ndani kuchukua bahasha ya karatasi zake za pensheni. Nilimshika shati.

Pale pale, mbele ya majirani, nilimfokea baba yangu. Nilimwambia kila kitu, nguzo, ubao, simenti, moshi, nyasi. Nilimwambia nilisema. Nilirudia hilo mara nyingi: nilisema, nilisema. Mvua ilinipiga mdomoni. Alinitazama, maji yakimtiririka kwenye abakosti, na nilipokosa pumzi alisema kwa sauti ya kawaida:

"Mama, kwanza tutoe vitu vya Nkambo. Vinalowa."

Tukatoa vitu. Nilibeba vyungu nikilia kwa hasira, kwa sababu hata ugomvi wangu hakuuchukua. Nilikuwa nimeuandaa mwaka mzima.

Mvua zilipopungua tulianza kuangalia kilichobaki. Papa aliling'oa bati moja moja, akanyoosha misumari kwa jiwe, hakutaka msaada. Alipofika kwenye kisiki cha nguzo iliyokatwa alichutama, akakikwangua kwa kisu. Ndani kilikuwa chekundu na kikavu, kama siku kilipokatwa.

"Mubanga kama huu tutapata wapi?" aliuliza.

Nilikwenda kuuliza nami. Hapakuwa na mubanga karibu tena. Yote iliyokuwa mikubwa ilikwisha kukatwa kwa makaa na kwa nguzo za watu wengine. Waliniambia labda huko nyuma ya Niemba, na hakuna aliyekuwa na gari la kuuleta. Kwa hiyo nyumba haikuweza kurudi urefu wake. Tuliikata. Tulijenga ukuta mpya pale penye nguzo ya kati, tukaiacha nusu ya nyasi iliyokuwa nzima, na nyumba ya babu ikawa na mwisho mmoja wa mviringo na mwingine wa bapa. Mabati yalipelekwa nyuma, Papa akajijengea kijumba cha matofali mabichi, chenye mlango mrefu.

Nilikuwa msimamizi. Hakuna aliyenipa cheo hicho, lakini Papa alikuwa amenyamaza na mtu alihitajika kusema. Nilisema ukingo ushuke kama zamani, ukashushwa. Nilisema ukuta uwe wa udongo mtupu, ukawa. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuja siku mbili na nyasi. Nilipoona paa limekamilika nilichukua mafiga matatu kutoka jiko la nje, nikayapanga ndani, kwenye kona ya ukuta mpya, nikaanza kufunga kichanja. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Nkambo aliingia, akasimama akinitazama.

"Hayo mafiga rudisha inje," alisema.

"Nkambo, nyasi zinataka moshi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Zinataka. Macho yangu hayataki."

Nilidhani anatania. Alinikaribia, akavuta kope la chini kwa kidole. Ndani palikuwa pekundu kama jeraha.

"Ni mimi nilimwambia baba yako alitoe jiko," alisema. "Na dirisha ni mimi nilitaka. Nilikuwa nashona bila kuona uzi. Mwaka wa pili tukikaa na wewe nilikuwa nachambua mchele kwa kugusa tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliliachia kope. "Ulikuwa unaisifu sana nyumba," alisema. "Kila mgeni unamuonyesha nyasi nyeusi. Nikaona, ee, huyu mutoto nyumba imemuingia."

Niliketi chini kwenye udongo mbichi. Nilikuwa nimekaa naye miaka miwili, chumba kimoja, nikila alichopika kwenye moshi ule. Nilijua kila kamba ya paa lile na sikuwahi kumuuliza kwa nini anajifuta macho kwa ncha ya kitenge asubuhi mpaka jioni. Na nilimkasirikia hata hapo, lazima niseme ukweli. Nilikasirika kwamba aliniacha nipigane na mtu asiyestahili. Papa naye alijua, akayabeba maneno yangu yote bila kumtaja mama yake hata mara moja, si wakati wa kugombana, si kwenye mvua.

Mafiga yalirudi nje. Tulipatana hivi: Jumapili Nkambo akiwa kanisani, na siku za soko, niliwasha moto wa majani mabichi kwenye kigae ndani, nikafunga mlango, nikatoka nikikohoa. Haukutosha kama moto wa kila siku. Nyasi zilidumu miaka michache tu kila mara, na nilizibadilisha kidogo kidogo kwa mikono.

Likabaki suala la dirisha, maana ukingo tulioushusha ulikuwa umelifunika lile la kulia. Ukuta mpya wa bapa ungetobolewa bila kukata nguzo, na Nkambo alihitaji mwanga. Papa alikuja na fremu ile ile iliyotolewa kwenye matope, ameiosha, akaiegemeza ukutani.

"Wapi?" aliuliza.

Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza neno hilo kabla. Nilitaka kulijibu vizuri. Nilizunguka nyumba, nikatazama jua, nikafikiri mahali Nkambo anapoketi kushona, nikaonyesha kwa kidole. Papa akasema sawa. Akatoboa pale nilipoonyesha, akaiweka fremu, akaikandika mwenyewe kwa vidole.

Lilikuwa mahali pabaya. Asubuhi jua liliingia moja kwa moja kwenye macho ya Nkambo, na masika yalipokuja upepo wa ziwa ulileta mvua hapo hapo, kwa sababu ukuta ule wa bapa haukuwa na baraza. Nilitundika mkeka, ukaoza. Nikatundika mwingine. Papa alikuwa akipita kila asubuhi kwenda kuchota maji, akiuona mkeka umelowa, na alikuwa na kila sababu ya kusema neno. Nililingoja neno hilo. Nilikuwa hata na jibu.

Siku moja alikuja na vipande viwili vya bati vilivyobaki kwenye kijumba chake, akavipigilia juu ya dirisha kama kofia. Vilikuwa vibaya sana kutazama pale chini ya nyasi. Alishuka ngazini, akavisukuma kidogo kwa kiganja kuona kama vimeshika.

"Vitazuia kidogo," alisema, akaenda zake shambani.

Vilizuia kidogo. Nkambo alishona hapo miaka minne, akiwa amegeuza kiti upande, mpaka alipoacha kushona. Nilipohamishiwa shule ya Kalemie, Papa ndiye aliyebaki akiwasha kigae cha moshi siku za Jumapili, na aliniandikia barua kuniuliza ni majani ya mti gani niliyokuwa nikitumia, maana aliyoyatumia yeye yalitoa miali badala ya moshi.